Sindika kinachoachwa na lori

Lori la ndizi likija kupakia Kiwira, tazama linachagua nini. Mkungu mnene wenye vidole virefu unapanda juu, safari ya Dar es Salaam, soko la Mabibo. Mkungu mwembamba unabaki. Chane zilizochomoka zinabaki. Magimbi hayaulizwi hata bei. Maparachichi yenye doa, ambayo wanunuzi wa kusafirisha nje hawayataki, yanaozea chini ya mti au yanaishia kwa nguruwe.

Biashara yako ianzie hapo. Usishindane na lori. Chukua linachokiacha, kibadilishe kiwe chakula ambacho mtu wa Tukuyu au Mbeya atakinunua kesho, na wiki ijayo atarudi kukiulizia.

Na usianze na mashine. Vikundi vingi vinasubiri mashine ya mfadhili mpaka wanachama wanatawanyika. Kwa mwaka wa kwanza unahitaji kisu kizuri, vichanja viwili, sufuria kubwa, mzani na daftari. Kusaga, kuna mashine mtaani.

Hesabu kabla ya kisu

Ndizi mbichi kilo 10 zikiwa na maganda zinakupa unga kilo moja na nusu hadi mbili. Si zaidi. Maganda ni mazito, na sehemu kubwa ya nyama ya ndizi ni maji. Kariri namba hiyo, maana ndiyo inayowafilisi wengi.

Tuseme umenunua mkungu wa daraja la kwanza, kilo 25, kwa shilingi 10,000. Umepata unga kilo 4. Mkaa 2,000. Kusaga 800. Vifungashio 2,000. Kazi yako ya nusu siku, 4,000. Jumla 18,800. Kila kilo imekugharimu 4,700, na hapo hujalipa nauli wala mwenye duka hajaweka cha kwake. Mteja atautazama, atautazama unga wa sembe uliopo pembeni, atacheka.

Sasa fanya hesabu ileile kwa mikungu myembamba na chane zilizochomoka, uzito uleule, ulizonunua kwa 3,000. Jumla inashuka hadi 11,800, kilo moja 2,950. Hapo kuna pa kupumulia. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Ila kanuni haibadiliki: mkungu mzuri uuze mbichi, ule uliokataliwa ndio usindike.

Umeona nimeandika ujira wako? Uandike na wewe. Akina mama wengi wanahesabu mkaa na nailoni, wanasahau mikono yao. Halafu mwisho wa mwezi wanashangaa faida imeenda wapi.

Jambo jingine: usiuze unga wa ndizi kama mbadala wa ugali. Kwa bei huwezi kushindana na mahindi, tena huku yanakolimwa. Uuze kama unga wa uji, pakiti za nusu kilo. Mtu anayenunua uji wa mtoto au wa mzee hapimi kwa debe.

Masika pika, kiangazi kausha

Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na kitabu cha mafunzo ya kukausha kilichoandikiwa Dodoma hakitakusaidia hapa. Kwa hiyo panga bidhaa zako kwa majira.

Kuanzia Novemba hadi Mei, tengeneza vinavyoliwa siku hiyohiyo: mandazi, chapati, krispi. Machi na Aprili usithubutu kuanika kitu cha kuuza. Juni na Julai mvua imepungua, lakini ukungu na baridi vipo, kwa hiyo kausha kidogo kidogo. Septemba na Oktoba ndio msimu wako. Hapo ndipo unaweka akiba ya vipande vikavu, na kusaga unasaga kadiri wateja wanavyoagiza. Vipande vikavu vilivyofungwa vizuri vinatunzika kuliko unga.

Mtu wa Tukuyu akikuletea mradi wa kukausha mboga za majani, mwulize atamuuzia nani. Mnafu na majani ya maboga hapa vinapatikana karibu mwaka mzima. Acha hilo kwa wenye ukame.

Anza na andazi

Bidhaa ya kwanza ninayokushauri ni andazi la viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Linauzwa leo, pesa inaonekana leo, na usipofanikiwa umepoteza sufuria moja ya unga tu.

Kama huna mbegu, mwone afisa ugani wa kata akuelekeze pa kupata marando safi. Taja aina unazotaka, kwa mfano Kabode au Mataya. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko njia ya kwenda Mbeya, nao wanafaa kuulizwa. Ukiwa ukanda wa chini, kuelekea Masoko na Masukulu, viazi vitamu vitakuchangamkia. Ukiwa Isongole kwenye baridi, endelea na viazi mviringo na ununue viazi lishe kwa wenzako wa chini. Panda kwa awamu, kipande leo, kingine baada ya wiki kadhaa, usije ukavuna vyote kwa mkupuo. Na uwe na kitalu kidogo bondeni cha kutunzia marando wakati wa kiangazi.

Chemsha viazi na maganda yake. Ukivimenya kabla, vinakunywa maji na rojo linakuwa jepesi. Vimenye vikiwa bado vya moto, viponde mpaka kusiwe na bonge hata moja, kisha acha rojo lipoe kabisa. Rojo la moto linaua hamira.

Kipimo ni hiki: unga wa ngano gramu 600, rojo gramu 400. Pima kwa mzani, usikadirie kwa jicho. Weka hamira na chumvi kama kawaida, sukari punguza nusu. Maji weka mbali. Kanda kwanza unga na rojo peke yake, halafu ongeza maji kijiko kimoja kimoja, pale tu unga unapokataa kushikana. Anayemimina maji kwa mazoea anaishia kuongeza ngano, na hapo faida yote imekwenda.

Mafuta yasiwe makali. Kiazi kina sukari yake, kinabadilika rangi upesi, na andazi linaweza kuwa jeusi nje huku ndani bichi. Jaribu na kipande kidogo cha unga. Kikizama kisha kikapanda taratibu kikitoa mapovu, anza. Kikiruka juu papo hapo, punguza moto.

Ngano unainunua dukani. Kiazi unakilima, au unakipata kwa jirani kwa bei ya chini. Ukiondoa gramu 400 za ngano katika kila kilo ya mchanganyiko, tofauti utaiona wiki ya kwanza.

Mteja akiuliza kwa nini andazi lako ni la njano, jibu lipo, na ni la kweli: gramu 125 za viazi lishe, yaani kiazi kidogo tu, zinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku. Usiongeze chumvi kwenye jibu hilo. Usiseme linatibu macho, usiseme linatibu sukari.

Wahi stendi ya Tukuyu kabla ya Coaster za kwanza za Mbeya hazijajaa. Saa nne uwe kwenye ofisi za halmashauri na hospitali ya Makandana, watu wanapotoka kunywa chai. Wilaya hii inalima chai milima kwa mabonde, ni ajabu kwamba haina kitafunwa chake inachojivunia. Nafasi iko wazi.

Unga wa ndizi usio na harufu

Kinachowaangusha watu kwenye unga wa ndizi ni vitu viwili: rangi nyeusi na harufu ya uchachu. Vyote vinazuilika.

Chagua ndizi zilizokomaa lakini bado za kijani kabisa. Kidole kimoja kilichoanza kuiva kitanata kwenye kichanja na kuvuta nzi. Sindika siku ya kukata au kesho yake.

Osha ndizi kabla ya kumenya, si baada. Zitumbukize kwenye maji ya moto kwa dakika chache; maganda yatalegea na utomvu utapungua. Paka mikono mafuta ya kupikia. Tumia kisu kisichoshika kutu. Kisu cha kawaida cha chuma ndicho kinachofanya ndizi ziwe nyeusi, kisha mtu analaumu aina ya ndizi.

Kila unachomenya kitupie moja kwa moja kwenye ndoo ya maji uliyokamulia malimau mawili matatu. Kisikae zaidi ya dakika 15. Kata vipande vya milimita tatu au nne, vyote unene mmoja. Vikitofautiana, vyembamba vitakauka na vinene vitabaki na unyevu, ukivisaga pamoja unga wote utaharibika.

Kichanja kiwe cha kufika kiunoni. Nguzo za mianzi zinatosha, mianzi ipo. Juu tandaza wavu wa plastiki, si wa chuma. Ezeka kwa nailoni ya greenhouse yenye mteremko, ili manyunyu ya ghafla yakija usikimbizane na masinia. Pembeni weka chandarua kuzuia nzi, lakini upepo upite. Usianike chini, na zaidi usianike kando ya barabara kuu ya kwenda Kasumulu. Vumbi, kuku na moshi wa malori vyote vinaingia kwenye uji wa mtoto wa mtu.

Kata asubuhi. Saa mbili vipande viwe tayari kichanjani. Anayeanza saa nane mchana anavilaza vikiwa vibichi, na usiku huo ndio unaoleta uchachu. Vitandaze tabaka moja, vigeuze mara mbili kwa siku, na jua likizama viingize ndani.

Utajuaje vimekauka? Vunja kipande. Kikikatika kwa mlio, vizuri. Kikipinda, kirudishe. Ukitaka uhakika zaidi, chukua chupa ya kioo iliyokauka yenye kifuniko, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, jaza vipande nusu chupa, funga. Tikisa, subiri dakika 15, tikisa tena. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, bado kuna unyevu. Ikianguka yote chini, unaweza kwenda mashineni.

Hali ya hewa ikigeuka katikati ya kazi, uwe na kaushio la boksi: mbao, trei za wavu, jiko la mkaa chini, bomba la kutolea moshi pembeni. Joto lipite kwenye chakula, moshi usikiguse.

Na ukikuta ukungu, tupa. Usikwangue, usichague vilivyo safi, usivichanganye na vingine ukisema "vitaungua jikoni". Sumukuvu haionekani na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Usimpe ng'ombe wa maziwa pia, sumu inapita kwenye maziwa na kukurudia.

Mashineni uwe wa kwanza asubuhi. Mwombe mwenye mashine asafishe na aweke chekeche laini. Kilo ya kwanza itatoka na mabaki ya mahindi ya jana, iweke kando ya kula nyumbani. Unga ukitoka una joto, usiufunge. Utandaze juu ya kitambaa safi mpaka upoe kabisa. Unga uliofungwa wa moto unatoa jasho ndani ya pakiti, na baada ya muda si mrefu mteja anaurudisha na maneno.

Maganda hayatupwi. Mpe ng'ombe, atakurudishia maziwa ya kuwekea uji.

Lishe iwe lishe kweli

Hapa niseme wazi: unga wa ndizi peke yake si lishe. Ni wanga. Unashibisha. Ukiuandika "lishe" bila kuongeza kitu, unamdanganya mama mwenzako.

Huku Nyanda za Juu Kusini shida si tumbo tupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto waliodumaa ni asilimia 57 Iringa na karibu asilimia 50 Njombe na Rukwa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Hiyo ndiyo mikoa inayotulisha. Mtoto anashiba wanga, anakosa protini, mafuta na vitamini. Pakiti yako iongeze hivyo vinavyokosekana.

Soya ndiyo njia rahisi, na mkoani Mbeya inalimwa. Ila soya mbichi iliyosagwa ni kosa. Ina kitu kinachozuia mwili kutumia protini yake, na moto ndio unaokivunja. Pembua, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka tayari, acha ichemke dakika 25 hadi 30. Mimina, sugua maganda yatoke, anika mpaka ikauke, kaanga kidogo bila mafuta hadi inukie, ndipo usage. Ionje mwenyewe kwanza. Ukisikia ladha ya maharage mabichi, haikuiva.

Mchanganyiko: sehemu tatu za unga wa ndizi, sehemu moja ya soya. Ukipenda ulezi, toa sehemu moja ya ndizi uweke ulezi. Basi, usiendelee. Unga wenye nafaka kumi na mbili umebuniwa kuuza lebo. Kila nafaka inaiva kwa muda wake, na moja ikiwa na ukungu zote zimeharibika. Karanga usiisage humo ndani. Inashika sumukuvu kwa urahisi na unga unaanza kunuka mafuta. Mwambie mama aongeze karanga mpya zilizotwangwa anapopika.

Parachichi lenye doa lina kazi hapa. Mtoto anapopewa uji au kiazi lishe kilichopondwa, changanya na vijiko viwili vya parachichi lililoiva. Mafuta yake yanasaidia mwili kufyonza vitamini A, na uji unakuwa mzito wa nguvu bila kuwa mzito wa kumeza. Usihangaike kukamua mafuta ya parachichi kwa mkono ili uuze. Jasho jingi, chupa moja. Hilo liachie kiwanda.

Kwenye lebo andika namna ya kupika, maana unga wa ndizi unaumbuka kwa mabonge ukitupwa kwenye maji ya moto. Koroga kwanza na maji baridi, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika 15 ukikoroga. Andika pia kwamba si chakula cha mtoto wa chini ya miezi sita. Huyo ni maziwa ya mama tu.

Magimbi, kwa kifupi

Magimbi yanadharauliwa kwa sababu yanawasha na yanahesabiwa chakula cha shida. Kwenye krispi yanageuka kuwa bidhaa ya mjini.

Menya yakiwa makavu, mikono ikiwa mikavu na imepakwa mafuta. Maji yanaeneza muwasho. Kata vipande vyembamba sana, suuza kwa maji ya chumvi, kausha kwa kitambaa, kaanga mpaka mapovu yaishe kabisa. Mapovu yakiisha maji yameisha. Yakipoa funga saa hiyohiyo, yakikaa wazi kwa unyevu wa Tukuyu yanalegea kabla ya jioni. Mafuta yakishaanza kuwa meusi, mwaga. Na usiuze gimbi ambalo halijaiva, litamwasha mteja koo na hatarudi.

Makaratasi

Kwa vitafunwa vya siku hiyohiyo, mwone afisa afya wa kata. Upimwe afya, akague mahali pa kupikia.

Kwa unga wa pakiti, tangu 2019 usajili wa vyakula uko shirika la viwango, TBS, si tena TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Pitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya mkoa iko Mbeya. Omba mafunzo, na omba barua ya utambulisho. Kwa barua hiyo mjasiriamali mdogo anahudumiwa na TBS bila kulipia alama ya ubora kwa miaka mitatu ya mwanzo. Wengi hawajui, wanaogopa gharama ambazo serikali imeshazibeba.

Wakaguzi hawatakubali jiko la nyumbani. Tafuteni chumba kimoja cha kupanga: sakafu inayooshwa, dari, wavu madirishani, maji, choo karibu. Hapo mpango wa kikundi unakuwa na maana.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Kifungashio cha bidhaa kinaruhusiwa kikikidhi masharti, kwa hiyo nunua kwa muuzaji wa vifungashio anayejulikana. Kwenye lebo weka jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, mtengenezaji na mahali, namba ya toleo, tarehe ya kutengeneza na ya kuisha. Na andika "Tukuyu" kwa herufi kubwa. Jina hilo lilishatangazwa nchi nzima bure mwaka 1986, timu ya soka ya Tukuyu Stars ilipopanda daraja na kubeba ubingwa wa ligi. Wazee wa Mbeya watatabasamu kabla hawajasoma viambato.

Pesa ibaki mkononi mwako

Hili ndilo gumu kuliko kukausha ndizi masika. Shamba mara nyingi ni la baba. Ukichukua ndizi bure shambani, faida ikionekana itahesabiwa kuwa ya shamba.

Kwa hiyo nunua malighafi, hata kwa mumeo. Kilo kadhaa, bei fulani, tarehe, sahihi. Atacheka mara ya kwanza, mara ya pili atakuuliza lini unanunua tena. Maneno mengi nyumbani yanaishia hapo, kwa sababu naye ana chake.

Kikundi kiwe kidogo. Watano wanaoelewana wanafanya kazi kuliko ishirini wanaosainiana mahudhurio. Anayemenya alipwe kwa kilo alizomenya, siku hiyohiyo. Gawio la mwisho wa mwaka lije baadaye. Bila hivyo, mchapakazi atachoka na wavivu watabaki.

Pesa isikae kwa mtu, hata kama mtu huyo ni wewe. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, au tumieni M-Koba kwenye simu, ambako kila mwanachama anaona kinachoingia na kinachotoka. Siku ya kuchuma chai msipange kusindika. Mwanamke mmoja hana mikono minne.

Mkopo wa halmashauri upo. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo usitegemee maelezo ya jirani aliyekopa zamani. Ukiwa upande wa Lwangwa au Kandete, halmashauri yako ni Busokelo. Usipoteze nauli kuja Tukuyu.

Msiombe kabla daftari halijajaa miezi mitatu ya manunuzi na mauzo. Ombi la kwanza liwe la chumba, vichanja na kaushio, mashine iorodheshwe mwisho. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mpelekeeni daftari lenyewe, si nakala, pamoja na pakiti ya nusu kilo akapike nyumbani kwake.